Kuweka Komiti kwa Programu katika Hazina ya Git: Mfano wa Kumbukumbu za Mkondo wa Mto Songwe, Kata ya Njisi, Wilaya ya Kyela

Ikisiri

Mifumo ya udhibiti wa matoleo hutunza historia ya mafaili kwa kuhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na wakati lilipofanyika. Kwa kawaida, mtu ndiye huamua ni lini badiliko liingizwe katika historia hiyo. Hata hivyo, katika utafiti unaotegemea data zinazopokelewa mfululizo, kazi hiyo huachiwa programu. Makala haya yanaeleza namna programu inavyoweka komiti katika hazina ya Git, na yanachunguza maamuzi ambayo mwandishi wa programu hiyo hawezi kuyakwepa. Mfano unaotumika ni utunzaji wa kumbukumbu za mkondo wa chini wa Mto Songwe, katika Kata ya Njisi, ambako mto huo ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Makala yanajenga hoja kwamba programu inayoweka komiti ni karani, na kwamba thamani ya kumbukumbu zake kama ushahidi hutegemea jinsi inavyotenganisha jina la karani na jina la shahidi, pamoja na wakati wa kuona na wakati wa kuandika.

Istilahi muhimu: udhibiti wa matoleo, Git, komiti, hazina, ushahidi wa kidijitali, Mto Songwe

1.0 Utangulizi

Kata ya Njisi ipo katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, kwenye uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Huko ndiko kuliko na kituo cha mpaka cha Kasumulu, ambako barabara kuu itokayo Mbeya huvuka Mto Songwe kwa daraja na kuingia Malawi. Mto huo uliingizwa katika lugha ya mipaka na Mkataba wa Heligoland na Zanzibar uliotiwa saini na Uingereza na Ujerumani tarehe 1 Julai 1890. Mkataba huo uliufuata mwambao wa ziwa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, kisha ukaupanda mto wenyewe.

Ugumu uliopo ni kwamba mto huo hautulii. Ukishateremka kutoka milimani na kuingia katika uwanda wa Kyela, wenye mashapo laini na mvua nyingi, mkondo wake hupinda, hula ukingo mmoja na kujaza mwingine, na wakati wa mafuriko huweza kujifungulia njia mpya. Shamba la mpunga lililokuwa upande huu wa maji hujikuta upande wa pili bila mwenyewe kuhama. Ndiyo sababu ushirikiano wa Tanzania na Malawi katika bonde hilo ulitokana na wazo la kuutuliza mkondo, kabla ya kupanuka na kuwa programu ya maendeleo ya bonde zima. Mwaka 2017 nchi hizo zilitia saini mkataba wa kuanzisha kamisheni ya pamoja ya bonde la Mto Songwe.

Namna mto unavyohama ina uzito wa kisheria. Kanuni ya jumla katika sheria ya kimataifa, pale ambapo nchi jirani hazikukubaliana vinginevyo, ni kwamba mto unapohama polepole kwa kula na kujaza kingo, mpaka huufuata. Unapoacha njia yake kwa ghafla na kuchukua nyingine, mpaka hubaki katika njia ya zamani. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni tofauti ya wakati. Anayetaka kujua ni ipi iliyotokea huhitaji kumbukumbu zinazoonesha mkondo ulikuwa wapi mwezi baada ya mwezi, nani alisema hivyo, na kwa msingi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima wa kando ya Songwe, mali hiyo ni ardhi.

Picha za satelaiti zinawezesha daftari la aina hiyo kutunzwa. Satelaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ya kwanza ikiwa ilirushwa mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017, hupiga picha ya eneo lilelile kila baada ya siku 5 kwa uwezo wa kuonesha vitu vya mita 10. Hakuna mtafiti anayeweza kukaa akisubiri kila picha, akachora mkondo na kuuweka katika kumbukumbu kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo huandikiwa programu. Makala haya hayahusu mpaka ulipo au unapopaswa kuwa. Yanahusu namna programu inavyopaswa kuandika ili kilichoandikwa kiweze kuaminiwa na yeyote atakayelazimika kuamua jambo hilo.

2.0 Dhana ya Komiti

Git ilibuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya uendelezaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Ndani ya hazina ya Git, historia hujengwa kwa vitu vya aina tatu. Cha kwanza ni blobu, yaani maudhui ya faili bila jina lake. Cha pili ni mti, yaani orodha inayounganisha majina ya mafaili na blobu zake, na majina ya folda na miti iliyo ndani yake. Cha tatu ni komiti, ambayo hutaja mti mmoja, komiti mzazi, mwandishi, mwekaji na ujumbe wa maelezo. Kwa hiyo, komiti moja ni picha kamili ya hali ya mafaili yote kwa wakati mmoja, pamoja na maelezo ya ilikotoka.

Kila kitu hupewa alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na maudhui yake. Katika hazina nyingi, alama hiyo hutokana na kanuni ya SHA-1 na huandikwa kwa herufi na tarakimu 40. Faili ikibadilika hata kwa nukta moja, alama ya blobu yake hubadilika, ya mti unaoitaja hubadilika, na ya komiti inayoutaja mti huo hubadilika vilevile. Aidha, kwa kuwa komiti hutaja alama ya mzazi wake, mtu akibadili komiti ya zamani hubadili alama za komiti zote zilizoifuata. Sifa hii ndiyo inayofanya historia ya Git iwe ngumu kughushiwa kimyakimya mbele ya mtu mwenye nakala yake.

Tawi, kwa upande wake, ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti moja, ile iliyo ya mwisho. Kuweka komiti mpya ni kufanya mambo mawili: kuunda kitu kipya cha komiti, na kulisogeza jina la tawi kutoka kwa mzazi hadi kwa komiti hiyo. Mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa, na mwandishi wa programu anapaswa kuyaona kama hatua mbili.

Jambo lenye umuhimu wa pekee kwa makala haya ni kwamba komiti ina nafasi mbili za majina. Mwandishi ni yule aliyetunga badiliko. Mwekaji ni yule aliyeliingiza katika hazina. Utengano huu ulitokana na desturi ya wajenzi wa Linux, ambao hutuma mabadiliko kwa baruapepe ili yaingizwe na wasimamizi. Kila nafasi ina jina, anwani ya baruapepe, wakati uliohesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na tofauti ya saa za eneo husika. Mtu anapofanya kazi katika kompyuta yake mwenyewe, nafasi zote mbili hujazwa jina lake na wakati uleule, hivyo watumiaji wengi hawajui kwamba ziko mbili. Programu inapoandika, tofauti hiyo haiwezi tena kupuuzwa.

3.0 Njia Tatu za Kuweka Komiti kwa Programu

3.1 Kuita amri za Git

Njia ya kwanza ni programu kuita amri zilezile ambazo mtu angeziandika, yaani `git add` na kisha `git commit`. Njia hii ni rahisi, lakini ina mitego miwili. Kwanza, `git commit` huchukua jina kutoka katika mipangilio ya kompyuta. Programu ikiendeshwa katika kompyuta ya mtafiti, itaandika kwa jina la mtafiti bila kumuuliza. Ili kuepuka hali hiyo, vigeu vya mazingira kama `GIT_AUTHOR_NAME`, `GIT_AUTHOR_DATE` na `GIT_COMMITTER_NAME` hujazwa wazi kabla ya amri kuitwa. Pili, amri hiyo hutegemea folda ya kazi na faharasa, ambavyo vinaweza kuwa na mabaki ya kazi nyingine.

Git ina pia amri za ngazi ya chini zinazofuata muundo ulioelezwa katika sehemu ya 2.0: `git hash-object` huunda blobu, `git mktree` huunda mti, `git commit-tree` huunda komiti, na `git update-ref` husogeza tawi. Amri hizi hazihitaji folda ya kazi. Hata hivyo, hazina ulinzi uliomo katika `git commit`. Kwa mfano, `git commit` hukataa kuweka komiti pale ambapo hakuna kilichobadilika, ilhali `git commit-tree` huiunda bila kuuliza. Vilevile, hati za ukaguzi zinazoendeshwa kabla ya `git commit` haziendeshwi na `git commit-tree`.

3.2 Kutumia maktaba ya programu

Njia ya pili ni kutumia maktaba inayoelewa muundo wa Git moja kwa moja. Maktaba ya libgit2, iliyoandikwa kwa lugha ya C, hutumiwa katika Python kupitia pygit2. Watumiaji wa Java wana JGit, na Dulwich imeandikwa karibu yote kwa Python. Kwa njia hii programu hushika blobu, mti na komiti kama vitu vyake yenyewe, na hulazimika kutaja mwandishi na mwekaji kila inapounda komiti. Ulazima huo ni faida, kwa sababu uamuzi ambao ungefanywa kimyakimya na mipangilio ya kompyuta hufanywa waziwazi ndani ya msimbo.

3.3 Kutumia kiolesura cha seva

Njia ya tatu ni kutuma maombi kwa seva inayohifadhi hazina, kama vile GitHub. Seva hiyo ina kiolesura chepesi kinachobadili faili moja kwa komiti moja. Programu hutakiwa kutaja alama ya blobu inayobadilishwa, na ikitaja alama iliyokwishapitwa na wakati, ombi hukataliwa. Pale ambapo mafaili mawili yanapaswa kubadilika pamoja, kiolesura hicho hakitoshi, kwani huyagawa katika komiti mbili, na mtu akiichukua hazina kati ya komiti hizo atapata mafaili yasiyokubaliana. Katika hali hiyo hutumika kiolesura cha ngazi ya chini, ambacho huunda blobu, mti na komiti hatua kwa hatua. Tahadhari ya majina inabaki palepale: ombi lisipotaja mwandishi, seva hulichukua jina la mwenye ufunguo uliotumika kuingia.

4.0 Programu Kama Karani: Mkondo wa Songwe

Tuchukulie hazina yenye mafaili mawili. Faili la `mkondo.geojson` lina mstari wa katikati ya mto kuanzia daraja la Kasumulu hadi ziwani. Faili la `ukaguzi.csv` lina safu moja kwa kila picha ya satelaiti iliyopokelewa. Programu hupokea picha, hutenganisha maji na nchi kavu, huchora mstari, kisha huweka komiti. Kielelezo 1 kinaonesha hatua ya mwisho kwa pygit2.

Kielelezo 1: Kuweka komiti ya mkondo kwa pygit2

```
tawi = "refs/heads/mkondo-ghafi"
mzazi = hazina.references[tawi].target
mti_wa_zamani = hazina[mzazi].tree

mjenzi = hazina.TreeBuilder(mti_wa_zamani)
mjenzi.insert("mkondo.geojson", hazina.create_blob(mkondo), 0o100644)
mjenzi.insert("ukaguzi.csv", hazina.create_blob(ukaguzi), 0o100644)
mti_mpya = mjenzi.write()

if mti_mpya != mti_wa_zamani.id:
    mwandishi = pygit2.Signature(jina_la_shahidi, barua_ya_shahidi,
                                 wakati_wa_picha, 180)
    mwekaji = pygit2.Signature(jina_la_karani, barua_ya_karani,
                               wakati_wa_sasa, 180)
    hazina.create_commit(tawi, mwandishi, mwekaji, ujumbe,
                         mti_mpya, [mzazi])
```

Mistari hii ni michache, lakini kila mmoja una uamuzi ndani yake. Vifungu vinavyofuata vinayachambua maamuzi hayo.

4.1 Shahidi na karani

Katika baraza lolote, anayeandika maelezo si lazima awe ndiye aliyeona. Karani huandika maneno ya shahidi, huweka jina la shahidi juu ya maelezo na jina lake mwenyewe chini. Nafasi mbili za Git zinaruhusu utaratibu uleule. Programu inayoingiza komiti ni mwekaji, na jina lake linapaswa kuwa jina la programu. Swali gumu zaidi ni nani awe mwandishi.

Pale ambapo mtu amechora au kurekebisha mstari, yeye ndiye mwandishi. Desturi hii imekwishakomaa katika kazi ya kutafsiri programu za kompyuta. Mfumo wa Weblate, ulioanzishwa na Michal Čihař wa Jamhuri ya Cheki mwaka 2012, huweka komiti kwa niaba ya wafasiri: jina la mfasiri hukaa katika nafasi ya mwandishi, na mfumo wenyewe hukaa katika nafasi ya mwekaji. Mfumo wa Pontoon wa Mozilla, ambao Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake, hukusanya kazi za wafasiri na kuziingiza katika hazina kwa ujumbe unaowataja waliochangia. Mfasiri aliyekaa Kyela hahitaji kujua Git ili jina lake libaki katika historia.

Mstari uliochorwa na msimbo bila mtu kuutazama ni jambo jingine. Kuuandika kwa jina la mtafiti ni kumfanya shahidi wa jambo ambalo hakuliona. Inafaa mwandishi wa komiti ya namna hiyo awe msimbo wenyewe, kwa jina linaloonesha wazi kwamba si mtu, na ujumbe wa komiti utaje kilichotumika. Git inatambua mistari ya mwisho ya ujumbe yenye umbo la jina na thamani. Hivyo programu inaweza kuandika `Picha:` ikifuatiwa na utambulisho wa picha, `Msimbo:` ikifuatiwa na alama ya komiti ya msimbo uliochora, na `Mawingu:` ikifuatiwa na asilimia ya mawingu. Mtafiti wa baadaye ataweza kuichukua picha ileile na msimbo uleule, na kuona kama anapata mstari uleule.

4.2 Nyakati mbili na saa mbili

Katika Kielelezo 1, wakati wa mwandishi ni wakati picha ilipopigwa, na wakati wa mwekaji ni wakati komiti ilipoundwa. Utengano huu ndio kiini cha ushahidi. Tuchukulie kwamba programu imeandikwa leo na kupewa picha za miaka 10 iliyopita izichakate kwa usiku mmoja. Ikiwa komiti zote zitapewa wakati wa leo, historia itaonesha mto uliohama mita nyingi kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Mabadiliko ya polepole yatasomeka kama ya ghafla. Kwa mujibu wa kanuni iliyotajwa katika utangulizi, kosa hilo la mpangilio wa kompyuta linaweza kumwonesha msomaji hitimisho lililo kinyume cha yaliyotokea.

Hata baada ya nyakati hizo kutenganishwa, msomaji wa historia anahitaji kujua amri zake. Kwa kawaida `git log` huonesha wakati wa mwandishi, lakini kichujio cha `--since` hupima wakati wa mwekaji. Mtu akiomba komiti tangu tarehe fulani atapewa zilizoandikwa tangu tarehe hiyo, na huenda akadhani amepewa zilizoonwa tangu tarehe hiyo. Chaguo la `--pretty=fuller` huonesha nyakati zote mbili, na linapaswa kuwa ndilo la kawaida katika hazina ya aina hii.

Njisi ina tatizo la ziada ambalo miji mingi haina. Tanzania hutumia saa iliyo mbele ya saa ya kimataifa ya UTC kwa saa 3, na Malawi kwa saa 2. Picha iliyopigwa saa 08:00 kwa UTC imepigwa saa tano asubuhi upande wa Kasumulu na saa nne asubuhi ng'ambo ya daraja. Git huhifadhi sekunde za UTC pamoja na tofauti ya eneo, kwa hiyo tukio lenyewe halipotei; tarakimu 180 katika Kielelezo 1 ni dakika za tofauti ya Tanzania. Tatizo huanza pale programu inaposoma saa kutoka katika faili la maandishi lisilotaja eneo. Saa ya aina hiyo ikiandikwa na kompyuta iliyopangwa kwa saa ya Lilongwe na kusomwa na kompyuta iliyopangwa kwa saa ya Dar es Salaam, tukio husogea kwa saa nzima. Inashauriwa wakati wote ushughulikiwe kwa UTC, na tofauti ya eneo iongezwe katika hatua ya mwisho tu.

4.3 Kutoona si kuona kwamba hakuna

Sharti la `if` katika Kielelezo 1 huzuia komiti tupu. Programu ikiendeshwa mara mbili kwa picha ileile, mti mpya utakuwa na alama sawa na wa zamani, na hakuna kitakachoandikwa. Sifa hii huiwezesha programu iliyokatizwa na umeme kuanza upya bila kurudia maingizo.

Lakini sharti hilo, likiachwa peke yake, lingefuta tofauti muhimu. Mvua za Kyela hunyesha kwa miezi mingi ya mwaka, na mawingu huziba picha katika majira yaleyale ambayo mto huhama zaidi. Picha yenye mawingu haibadili `mkondo.geojson`. Iwapo faili hilo lingekuwa pekee katika hazina, miezi miwili ya mawingu ingefanana na miezi miwili ya mto uliotulia. Faili la `ukaguzi.csv` huziba pengo hilo kwa kueleza, kwa kila picha, kama mkondo ulionekana na kama ulibadilika. Komiti yenye safu mpya ya ukaguzi na mkondo uleule ina maana kwamba karani alitazama, na inasema alichokiona. Picha za rada za Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu, zinaweza kupunguza pengo lenyewe.

Kwa upande mwingine, zipo tofauti zinazoonekana katika faili ilhali hazipo ardhini. Programu inayoandika nambari za majira kwa tarakimu 14 baada ya nukta itatoa mstari mpya kila mara. Tarakimu 5 ni takribani mita 1 ardhini, ambazo ni ndogo kuliko mita 10 za picha. Kuzidi hapo ni kuandika usahihi usiokuwapo. Jozi za nambari zikiandikwa kila moja katika mstari wake na kwa mpangilio usiobadilika, amri ya `git diff` huonesha kona ya mto iliyohama na kuacha nyingine zote.

4.4 Waandikaji wawili na tawi moja

Si ajabu hazina ya mto wa mpakani ikawa na waandikaji wawili, mmoja kila upande. Programu zote mbili husoma mzazi mmoja, kila moja huunda komiti yake, na zote hutaka kulisogeza tawi. Git hutoa njia salama: `git update-ref` hupokea alama mpya pamoja na alama ya zamani inayotarajiwa, na hukataa iwapo tawi limekwishasogezwa na mwingine. Kazi ya `create_commit` katika Kielelezo 1 hukataa vilevile iwapo mzazi wa kwanza si komiti ya mwisho ya tawi. Programu iliyokataliwa inapaswa kusoma tawi upya, kujenga mti wake juu ya mzazi mpya na kujaribu tena. Programu inayojibu kukataliwa kwa kusukuma kwa nguvu hufuta katika tawi maelezo ya jirani, na hakuna ujumbe unaobaki kueleza kwamba yaliwahi kuwapo.

5.0 Mipaka ya Ushahidi wa Hazina

Historia ya Git haithibitishi kila inachokisema. Majina na nyakati ni madai ya aliyeandika. Git haimuulizi mtu kitambulisho. Kinachoweza kuthibitishwa ni saini ya kidijitali inayofungwa juu ya komiti kwa ufunguo wa siri, ama wa GPG au, tangu toleo la 2.34 la mwaka 2021, wa SSH. Programu ipewe ufunguo wake yenyewe. Ikipewa ufunguo wa mtafiti, saini itathibitisha jambo ambalo si kweli kwa uthabiti uleule ambao ingethibitisha ukweli.

Aidha, mwenye mamlaka juu ya seva anaweza kuandika upya tawi zima. Mnyororo wa alama humfichua mbele ya yule tu aliyebaki na nakala ya zamani. Kwa hiyo nakala kamili za hazina zitunzwe na zaidi ya taasisi moja, na kwa mto huu ingefaa ziwe pande zote mbili za daraja.

Mwisho, msimbo unaweza kukosea kwa uthabiti mkubwa. Mashamba ya mpunga yaliyofurika huonekana kama mto, na mto wa kiangazi ni mwembamba kuliko wa masika hata kama haujahama. Kwa sababu hiyo makala yanapendekeza matawi mawili. Tawi la `mkondo-ghafi` huandikwa na programu peke yake. Tawi la `mkondo-uliohakikiwa` husogezwa na mtu aliyelinganisha mstari na picha, na ikiwezekana akafika kandokando ya mto. Anapoyaunganisha hutumia chaguo la `--no-ff`, ambalo hulazimisha komiti ya kuunganisha iundwe hata pale ambapo tawi lingeweza kusogezwa mbele tu. Bila chaguo hilo, uhakiki wake hautaacha alama yoyote. Akilitumia na kutia saini, jina lake linaingia katika historia mahali ambapo kweli aliona.

Utaratibu huu una gharama. Unahitaji mtu mwenye muda na ujuzi, na tawi lililohakikiwa litachelewa nyuma ya tawi ghafi, hasa wakati wa masika. Hata hivyo, ucheleweshaji huo unaonekana na kupimika ndani ya hazina yenyewe, kwa kuwa kila komiti ina wakati wake wa kuonwa na wakati wake wa kuandikwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuweka komiti kwa programu ni kuunda blobu, mti na komiti, kisha kusogeza tawi, na kwamba hatua hizo zinaweza kufanywa kwa amri, kwa maktaba au kwa kiolesura cha seva. Uchaguzi wa njia ni suala la mazingira. Maamuzi yasiyotegemea njia ni manne: programu iandike kwa jina lake na si kwa jina la mtafiti, wakati wa kuona utenganishwe na wakati wa kuandika, kutoona kuandikwe kama kutoona, na aliyetangulia kuandika asifutwe na anayefuata.

Katika kazi nyingi za kompyuta, kuyapuuza maamuzi haya huzaa usumbufu mdogo tu. Njisi, ambako kuhama kwa mkondo kunaweza kubadili nchi ya shamba, kuyapuuza huzaa daftari lenye tarehe zisizo sahihi na mashahidi wasiokuwapo. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna hazina za aina hii zinavyoweza kusomwa na watu wasiotumia Git, wakiwamo maofisa wa wilaya, wajumbe wa kamisheni ya bonde na wakulima wenyewe, kwa kuwa ushahidi wanaouhitaji umo ndani ya amri ambazo wengi wao hawajawahi kuziona.